Neno Lililotoka Kwenye Ulimbo

Hadija binti yangu,

Kwa jina la Yule aliyeyaamuru maji yatiririke na mawe yatulie, nakusalimu.

Nakuandikia nikiwa hapa barazani, kwenye benchi la kazi, huku baiskeli ya fundi cherehani imepinduliwa mbele yangu, magurudumu juu. Alasiri nimekwisha kuswali. Nakusikia huko ndani unakunja nguo, na mama yako anakufuata nyuma akizikunjua na kuzikunja upya, maana katika nyumba hii hakuna anayejua kukunja nguo isipokuwa yeye. Kati yako na mimi kuna pazia tu. Ningeweza kuita. Lakini tangu siku ile unaniita mzee. "Shikamoo mzee," unasema, unapita. Nami naitikia marahaba, maana hakuna baba anayeweza kukataa shikamoo, ila kila ukipita nabaki na spana mkononi kama mtu aliyesahau alichokuwa anakifungua.

Habari za kula na kulala na marafiki sitaziandika. Hizo mama yako amezisema wiki nzima, na zilizobaki amezifunga kwenye mfuko pamoja na karanga. Mimi nataka nizungumze nawe juu ya neno moja. Unalijua ni lipi. Ulituletea wewe mwenyewe, na siku tulipogombana ulisema, "Laiti ningelimeza." Sitaki uende nalo chuoni Dar es Salaam likiwa bado kooni.

Ilikuwa likizo yako ya mwisho kabla ya mtihani. Nilikuwa na kikohozi, na kaka yako Idi alikuwa ameniletea asali kutoka Sikonge, ile nyeusi ya kwenye mizinga ya magome. Tulikuwa tumekaa mkekani wote wanne. Ukachukua bakuli la asali na kikombe cha maji, ukaviinamisha pamoja juu ya sinia.

"Baba, kwa nini maji yana haraka na asali haina?"

Idi akadakia, "Asali imetoka Sikonge kwa baiskeli. Imechoka."

"Nyamaza wewe. Inaitwa mnato."

"Kunata kila mtu anakujua," mama yako akasema.

"Hapana, mama, si kunata kwenye kijiko. Mnato ni kimiminika kujizuia chenyewe kisitiririke. Tabaka moja linataka kupita, la jirani yake linalishika. Ndani kwa ndani yanashikana. Hata maji yanao, kidogo tu. Hata hewa."

"Basi baba yenu anao mwingi kuliko asali. Nimemtuma dukani tangu adhuhuri, huyo hapo bado amekaa."

Tulicheka, Hadija. Nakumbuka nilicheka mpaka kikohozi kikanipanda, na Idi akanipiga mgongoni. Ndipo ukasema lile la pili. Ulisema Wazungu wanaita viskositi, na kwamba neno hilo walilitoa kwenye Kilatini cha kale, viscum, ambalo ni jina la mmea. Ukaeleza kwamba mmea huo hauoti ardhini bali juu ya matawi ya miti mingine, na una vitunda vyenye utomvu. Watu wa kale huko Ulaya walivisaga vitunda hivyo wakapata gundi ya kunasia ndege, na gundi ile nayo wakaiita kwa jina la mmea. Kisha kila kitu kizito kinachovutika, kama asali au lami, wakakisema kwa jina la gundi ile. Miaka mingi baadaye wenye elimu walipohitaji neno la kupimia vimiminika, wakaliokota hilo hilo lililokuwa mikononi mwa wategaji.

Idi aliweka tonge chini. "Subiri. Unasema ulimbo?"

"Ulimbo."

"Huu huu wa baba?"

"Huu huu wa baba."

"Loo! Kumbe mzee ni profesa na tunamkalisha na baiskeli!"

Wewe ulitaka kutufurahisha tu. Ulikuwa umekaa bweni miaka miwili ukisoma mambo ambayo sisi hatuna pa kuyashika, ukapata moja lenye mpini, ukatuletea. Nani angekulaumu? Ila mimi, mwanangu, nililala usiku ule nimevimba kifua kwa majivuno. Wewe hukujua lile neno lilikuwa limegusa nini, kwa sababu nilipoiacha kazi ile ulikuwa mdogo. Acha nikueleze.

Babu wa babu yangu aliletwa hapa na msafara, kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, pembe ya ndovu begani. Msafara ulipofika Tabora mguu wake ulikuwa umevimba hawezi kukanyaga, wakamwacha, wao wakaendelea kwenda pwani. Watu wengine wa mji huu wakikueleza asili yao wanakutajia sultani au mfanyabiashara. Sisi ni uzao wa mpagazi aliyeachwa. Akajifunza kutega ndege ili ale, mwanawe akajifunza kwake, na hivyo hivyo mpaka kwa baba yangu, ambaye alinifundisha mimi nikiwa sijaanza hata kufunga Ramadhani.

Ulimbo una adabu yake. Unagema utomvu wa miti ya jamii ya mkuyu, unauchemsha taratibu na mafuta kidogo ya karanga. Baba yangu alikuwa akitia na vitunda vya kile kimmea kinachokaa juu ya miti ya watu. Hatukuwa na jina lake. Yeye alisema tu, "Leteni vile vya kule juu." Uliponitajia mmea wa Wazungu, nilikiona kile cha kwetu pale pale. Ndege hula kile kitunda, mbegu humganda mdomoni, naye huupangusa mdomo kwenye tawi ili ajinasue, na hapo ndipo mbegu inapoota. Ndege ndiye anayekipanda. Kisha binadamu anakichuma na kumnasia ndege yule yule. Baba alikuwa akilisema hili akicheka, nami nilicheka naye.

Moto ukizidi ulimbo unakuwa uji. Mafuta yakizidi unateleza. Ukichovya vidole viwili na kuvitenganisha pole pole, uzi ukifika shibiri bila kukatika, umeiva. Wakati wa kipupwe unakuwa mgumu asubuhi, hivyo tuliuweka kwapani tukienda nao porini ili ulainike, na jua likipanda sana unaanza kudondoka kwenye vijiti wenyewe. Kwa hiyo kazi ilikuwa kati ya alfajiri na jua kukolea, basi.

Tulikuwa tunawafuata wale vikasuku wadogo wa kijani, wenye shingo ya rangi ya chungwa na mdomo mwekundu, kule upande wa Igunga, kwenye mashamba ya mtama. Wasukuma wa kule walitufurahia. "Mwangaluka, mzee wa ndege," wakaniamkia, "wachukue wote, wanatumaliza." Tulikuwa na ndege mmoja wa kuitia wenzake, tuliyemfunga mguu. Kisha Idi alipokuwa mkubwa wa kutembea mwendo mrefu, sikuhitaji tena ndege wa kuitia. Kaka yako alikuwa akiwaita kwa mluzi. Nadhani ulikwishamsikia. Anakaza ulimi hivi, anatoa ile sauti yao ya kugombana gombana, na kundi zima linageuka angani na kurudi. Sijawahi kumwona mtu mwingine anayeweza. Majira ya mtama yalipofika nilimtoa shule. Nilimwambia mwalimu wake kwamba mtoto ana homa. Kila mwaka, mtama ukiiva, Idi alikuwa na homa.

Hilo unalijua. Lakini sidhani kama umewahi kuliweka karibu na jingine hili: wewe ulikwenda shule kila siku ya Mungu, kwa sababu hukujua kupiga mluzi.

Ndege tuliwapakia kwenye makreti, makreti kwenye treni, kwenda pwani, na kutoka hapo kwenda kwa watu wanaofuga vitu kwenye vyumba. Wakati ule biashara ilikuwa halali. Ila tukifungua makreti pale stesheni ili kuwapa maji, chini tulikuta waliokufa. Tuliwatoa haraka, tukawatupa nyuma ya mabehewa, tukasema ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakuwabana wale ndege, Hadija. Sisi ndio tuliowabana. Njia ile ile aliyoachwa babu yetu na mguu wake, ambayo watu walipitishwa wamefungwa shingo kwa shingo, na sisi tukawapitishia ndege wetu kwenda pwani ile ile, na jioni tukaswali jamaa. Nimelifikiri hili mwaka huu tu. Zamani halikunijia kabisa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Na kuna jambo la udhu. Hili ni la mimi na Mola wangu, lakini nitakuambia, maana limeingia kwenye kisa. Ulimbo ukikauka kwenye ngozi, maji hayapiti. Na maji yasipofika kwenye ngozi udhu haujatimia, na bila udhu hakuna swala. Kwa hiyo sisi wategaji tulikuwa tukisugua mikono kwa jivu na mafuta ya taa kabla ya kila swala, mpaka kucha zinauma. Baba yangu alikuwa akitukagua kidole kimoja kimoja. Mtu akinusa mafuta ya taa msikitini, alijua mtegaji yuko safu ile.

Kisha serikali ikaifunga biashara ya ndege hai. Nikauza makreti kwa mwuza nyanya, nikajifunza baiskeli. Ningekuambia niliacha kwa kumwogopa Mungu. Niliacha kwa kuwa hapakuwa na wa kumuuzia.

Hapo ndipo lilipofika neno lako. Mtu amekaa miaka anaziba pancha, hana anachokijua ambacho mtu mwingine hakijui, na binti yake msomi anamwambia kwamba wenye elimu duniani walichukua neno lao kutoka kwenye mikono kama yake. Ulimi wangu ukawa mrefu. Nilimweleza fundi cherehani. Nilimweleza mwuza kahawa, akaniambia, "Basi hao Wazungu wakulipe," nami nikacheka kama mtu anayestahili.

Siku chache baadaye Idi alikuja nikiwa peke yangu. Alisema kuna mtu wa Dar anawataka vikasuku, kwa siri.

"Mluzi ninao, baba. Ulimbo sijui kuupika. Wangu unakatika."

"Imekatazwa, Idi."

"Najua. Nipikie mara moja tu. Si ulisema wewe ndiye profesa?"

Unaona alivyolichomeka? Lakini sikiliza hapa, kwa kuwa hii ndiyo sehemu ninayotaka uende nayo: si neno lako lililopika. Neno halina sufuria. Ningeweza kumwambia hapana nikiwa na neno lako kifuani, na kesho yake nikaendelea kujigamba kwa mwuza kahawa bila madhara kwa mtu. Niliinuka mimi. Nilikwenda mwenyewe kugema utomvu na miguu yangu ikiwa miepesi kama ya kijana. Nilipovuta ule uzi kati ya vidole ukafika shibiri, nilifurahi, Hadija. Naliandika jinsi lilivyokuwa. Nilifurahi kuliko siku nyingi zilizopita, na nilijua kabisa ulikuwa wa nini.

Siku polisi walipomleta Idi hapa nyumbani, ulikuwapo. Asubuhi ile nilikuwa nimempikia kopo la pili la ulimbo, kwa kuwa alisema la kwanza linaelekea kwisha. Wewe uliisikia harufu, ukaniuliza nachemsha nini, nikasema dawa ya matairi. Adhuhuri ilipokaribia nikasugua mikono kwa jivu na mafuta ya taa ili udhu wangu utimie. Nilikuwa sijatandika mkeka gari likasimama. Askari wawili, na Idi katikati yao na pingu. Walimkamata kwenye barabara ya Igunga na kreti chini ya magunia ya mpunga. Yule askari mkubwa, mtu mwenye heshima zake, alinisalimia kwanza.

"Shikamoo mzee. Kijana anasema gundi hii umemtengenezea wewe." Akaonyesha lile kopo la kwanza.

Ulikuwa umesimama mlangoni na mwiko mkononi. Mama yako yuko nyuma yako. Idi ananitazama.

Nikasema, "Mimi kazi hiyo niliiacha siku nyingi."

"Naomba nione mikono, mzee."

Nikaitoa. Ilikuwa safi kama ya maiti aliyeoshwa. Askari akaigeuza geuza, akamwambia mwenzake, "Hii ni mikono ya mtu wa msikitini." Na Idi akasema neno moja tu, "Baba?" Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayeita gizani ili ajue kama chumbani kuna mtu.

Sikuitika.

Walipoondoka nikatandika mkeka nikaswali. Ile swala sijui ilikwenda wapi. Kopo la pili nililitumbukiza chooni. Nilipogeuka ulikuwa umesimama uani, ukasema, "Dawa ya matairi, mzee?" Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Tangu Idi ahukumiwe, mama yako huenda gerezani kila wiki na chakula chake kwenye hotipoti. Kila akirudi hunitupia moja. "Anakula vizuri. Hajakuulizia." Au, "Mtu mzima unaliogopa geti kama kuku anavyoogopa maji." Mimi nilijibu kwamba nina kazi nyingi. Na wewe wiki hii ulinipa sharti lako kupitia kwake, kwa kuwa husemi nami: "Mwambie mzee nitamuaga siku atakapomwendea Idi. Asipokwenda, nitapanda treni kama mtu asiye na wa kumuaga." Mama yako alinifikishia neno kwa neno, hata sauti yako aliiigiza.

Nilikasirika. Niseme kweli, nilikasirika sana. Nilisema moyoni, mtoto gani huyu anayempa baba yake sharti? Nikakaa na hasira yangu hapa barazani siku mbili. Kisha nikakumbuka jinsi ulivyomalizia lile somo lako siku ya asali. Ulimwaga unga kwenye sinia ukachora bomba kwa kidole. Ulisema kimiminika kikipita ndani ya bomba, hakiendi chote kwa mwendo mmoja. Lile tabaka linalogusa ukuta limesimama, halisogei kabisa, hata katikati pakiwa na kasi ya namna gani. La pili yake linataka kwenda, lakini limeshikwa na lile lililosimama, linakwenda kwa kujikokota. La tatu lina nafuu. Na la katikati ndilo linalokimbia. "Lakini ni maji yale yale," ulisema. "Hakuna mpaka kati yake ukiangalia."

Siku ile niliona ni maneno mazuri tu. Wiki hii nimeyaona ni nyumba yetu. Mimi ndiye niliyeganda ukutani, nikidhani mimi ndio ukuta wenyewe unaowashikilia nyote. Idi ndiye aliyepangwa jirani yangu. Kila alipotaka kwenda nilimshika: kwa mtama, kwa homa za uongo, kwa kopo. Na wewe ulipata nafasi ya katikati. Umekimbia, na Mungu akukimbize zaidi. Ila mwendo wako umelipiwa na kujikokota kwa mtu mwingine, na nadhani wewe umelijua hilo kabla yangu, ndiyo maana hukuweza kuniita baba ukasafiri kwa raha. Hukunionea. Ndivyo ninavyotaka ujue.

Leo asubuhi nilikwenda. Sikumwambia mama yako. Nilimwambia nakwenda kutafuta mnyororo wa baiskeli.

Pale getini askari wa zamu akaniuliza, "Wewe ni nani wake?" Nikasema, baba yake. Akasema, "Hajawahi kuja baba yake." Nikasema, ndiyo, hajawahi.

Idi amekonda, lakini si vibaya. Nywele wamemnyoa. Alikaa upande wake, mimi upande wangu, askari pembeni.

"Shikamoo," akasema. Hakumalizia.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Hadija anaondoka lini?"

"Kesho asubuhi."

"Kumbe ndiyo maana umekuja."

Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa na hapana nyingi tayari mdomoni, nzuri nzuri. Nikasema, "Ndiyo. Ndiyo maana."

Akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza akanitazama. "Angalau hilo umelisema sawa."

Nikamwambia nilichomkosea. Sikusema vizuri, nilirudia rudia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, taratibu, "Mimi nilikuwapo. Ya nini kunieleza mimi? Kawaeleze wale uliowaonyesha mikono." Akainuka. Alipofika mlangoni akageuka, nikadhani atasema baba. Akasema, "Ule ulimbo ulikuwa mzuri, lakini. Hawakuponyoka hata mmoja." Sijui kama alinisifu au alinitemea mate. Nimelibeba neno hilo kutoka gerezani mpaka hapa, na bado sijui.

Hadija, ndege akinasa kwenye ulimbo havutwi. Hili nilimfundisha Idi vizuri, na alikuwa na mkono mwepesi kunishinda. Ukivuta, unabaki na ndege mkononi na vidole vyake kwenye kijiti. Unamshika ndani ya kiganja, unanyunyiza jivu, unapaka mafuta chini ya kila kidole, unasubiri joto la mkono wako lilainishe. Anakung'ata muda wote huo, na mdomo wake unakata hasa. Unamwacha ang'ate. Mimi nilitaka wewe na Idi mnasuke kwa siku moja, kwa ziara moja ya gerezani na barua moja. Leo nimerudi nikijua sivyo. Kwa hiyo sidai kitu kwako. Nimelitimiza sharti lako, lakini usiniage kama malipo yake. Ukiniita mzee kesho nitaitika, na ukirudi likizo ukiniita mzee nitaitika.

Nimemwomba fundi cherehani aje na mkokoteni wake akuchukulie sanduku. Mama yako atakwenda nawe. Treni huchelewa kila siku, na pale kwenye jukwaa utakuwa na muda mrefu wa kusimama. Najua utajizuia kutazama nyuma, na najua utatazama, kwa kuwa ndivyo ulivyo tangu utotoni. Hutaniona. Usidhani nimejificha kama siku ile. Asubuhi hiyo nitakuwa kituo cha polisi, nimekaa benchini, nikimsubiri yule askari aliyenigeuza mikono. Nitamwambia nilipika makopo mawili, na la pili liko chooni kwangu. Sijui watanifanya nini. Huenda haitampunguzia Idi hata siku moja. Huenda itamwongezea mama yako hotipoti ya pili. Yeye hajui bado. Nitamwambia baada ya isha, na najua atakavyosema, na atakuwa na haki.

Wewe usishuke kwenye treni. Hili ndilo agizo langu moja. Hata ukisikia lolote likisemwa pale stesheni, usishuke. Kasome lile neno lako mpaka mwisho wake, huko linakopimwa kwa vyombo, na usilionee aibu. Lilikuwa la wategaji kabla hawajazaliwa hao walioliandika, na litabaki safi hata kama mimi nililishika na mikono hii.

Kesho nitaamka alfajiri nitawadhe kwa maji matupu. Mafuta ya taa nimemgawia fundi cherehani.

Maghrib inaadhiniwa. Nasikia mama yako anakuambia ukunje tena ile kanga.

Wasalaam,

Mzee wako, ambaye ndiye aliyepika.